Nilikamatwa nikiendesha gari nimekunywa. Je, niombe residensi?

Swali: "Shikamoo daktari. Nilimaliza udaktari Muhimbili mwaka 2018, nikafanya utarajali, kisha nikahamia Maryland kumfuata mume wangu. Nina grinikadi. USMLE Step 1 na Step 2, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, nimepita mara ya kwanza, na cheti cha ECFMG, wanaowathibitisha madaktari waliosomea nje, ninacho. Juni 2023, nikitoka kwenye harusi ya Mtanzania mwenzetu, nilisimamishwa na polisi, kipimo cha pumzi kikasoma 0.09. Sikugonga mtu wala kitu. Mahakamani nilikiri kosa, hakimu akanipa kile wanachokiita PBJ (uangalizi kabla ya hukumu), faini, uangalizi wa miezi 12 na masomo ya pombe ya saa 12. Yote nimeyamaliza. Wakili aliniambia, 'Hujatiwa hatiani, nenda kaendelee na maisha yako.' Septemba nataka kuomba residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, ya magonjwa ya ndani. Kwenye kundi letu la WhatsApp mmoja ananiambia nikae kimya kabisa, mwingine ananiambia nisipoteze pesa zangu, daktari mwenye kesi hachukuliwi. Usiku silali. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa hizo siku unazokesha.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nadhani nimeona mahali ambapo wewe, wakili wako na wenzako wa WhatsApp mmepishana. Wote mnatumia neno moja, "kesi". Kwetu mtu akisema fulani ana kesi, mengine hayaulizwi. Awe amewekwa mahabusu usiku mmoja akaachiwa asubuhi, awe amefungwa miaka kumi, neno ni hilohilo. Fomu za Marekani haziulizi kama una kesi. Kila fomu ina kitenzi chake: umekamatwa? Umeshtakiwa? Umekiri kosa? Umetiwa hatiani? Umewahi kuwekwa chini ya uangalizi wa mahakama? Kwa habari uliyonipa, majibu yako kwa mpangilio huo ni ndiyo, ndiyo, ndiyo, inategemea anayeuliza ni nani, na ndiyo. Hapo kwenye "inategemea" ndipo penye kazi yote.

Lakini kwanza lile linalokunyima usingizi. Hakuna sheria ya Marekani inayosema mtu aliyekamatwa mara moja akiendesha gari amekunywa hawezi kuwa daktari wa residensi. Nimekaa misimu kadhaa kwenye kamati ya kuchagua waombaji wa magonjwa ya ndani, na nimewaona wenye kosa kama lako wakichaguliwa, wakimaliza miaka mitatu, wakapata leseni kamili. Mwenzako anayekuambia usipoteze pesa anachanganya makosa. Yapo yanayofunga mlango kweli: kuiba fedha za bima ya afya ya serikali, kumdhulumu au kumtelekeza mgonjwa, kosa kubwa la jinai la dawa za kulevya. Hayo, kwa sheria, humtoa mtu kwenye Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali, kwa muda usiopungua miaka mitano, na hakuna hospitali ya mafunzo inayoweza kumlipa mtu wa namna hiyo. Makosa ya ukatili na ya ngono nayo huwa magumu mno kuvuka. Wizi mdogo wa dukani, ambao watu wengi huudharau, hutusumbua kwenye kamati kuliko wanavyodhani, kwa sababu unagusa uaminifu, na daktari anaaminiwa funguo za dawa.

Kosa lako halimo humo. Linazua swali moja tu kwa kamati, na ni swali la haki: je, huyu ana tatizo la pombe? Nitalirudia hapo chini.

Nikuambie pia, ili uweke mzigo mahali pake, kwamba kilicho kizito zaidi kwako ni ushindani wenyewe. Katika Match ya mwaka 2024, yaani ule mfumo unaolinganisha orodha za waombaji na orodha za programu za mafunzo na kugawa nafasi, kati ya waombaji waliosomea nje na wasio raia wa Marekani, waliopata nafasi ya mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 58.5. Wewe unahesabiwa kundi hilo hata ukiwa na grinikadi. Kwa hiyo wapo wengi wasio na doa lolote waliobaki nje. Ukikosa mwaka huu, usikimbilie kusema ni ile harusi.

Sasa tuipitie njia yenyewe jinsi itakavyokwenda, kuanzia Septemba hadi Julai ya mwaka unaofuata.

Wa kwanza kukuuliza ni MyERAS, fomu ya maombi inayosimamiwa na AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani. Humo huulizwa kama umetiwa hatiani Marekani kwa kosa dogo la jinai, na kwa kosa kubwa la jinai. Ukijibu ndiyo unapewa nafasi ndogo ya kueleza. Kuna pia swali la kama lipo jambo lolote katika historia yako litakalokuzuia kupata leseni au kuruhusiwa kufanya kazi hospitalini. Ona kitenzi: kutiwa hatiani. Ona pia mahali: Marekani. Aliyewahi kulala kituo cha polisi Magomeni kwa kugombana na kondakta haulizwi habari hiyo hapa. Ataulizwa kwingine.

PBJ maana yake ni uangalizi kabla ya hukumu. Hakimu anasikia kesi, anaona kosa lipo au unalikiri mwenyewe, halafu anaiweka hukumu kando na kukupa muda wa uangalizi. Ukiumaliza salama, kwa sheria ya Maryland hujatiwa hatiani. Hapo wakili wako alisema kweli. Kosa lake ni kule kukuambia uendelee na maisha yako, kana kwamba sheria ya Maryland ndiyo sheria pekee utakayokutana nayo.

Kwa hiyo kwenye swali la kutiwa hatiani, kama litaandikwa hivyo siku utakapolijaza, una haki ya kujibu hapana. Usijibu kwa kumbukumbu ya maneno yangu wala ya wakili wako. Mwombe wakili akuandikie kwa mkono wake, aya moja, kwamba kwa sheria ya Maryland matokeo ya kesi yako namba fulani hayahesabiwi kuwa ni kutiwa hatiani. Karatasi hiyo iweke. Na uisome fomu ya mwaka wako neno kwa neno kabla ya kuidhinisha, kwa sababu ukishaidhinisha na kuituma, sehemu kubwa ya fomu haifunguki tena.

Mwenzako wa "kaa kimya" atafurahi akisoma hadi hapa. Asifurahi bado, kwa sababu kujibu hapana mahali ambapo hapana ndiyo ukweli hakumpi mtu ruhusa ya kunyamaza kwingine kote. Fungua kompyuta yako sasa hivi, ingia Maryland Judiciary Case Search, andika jina lako. Ni tovuti ya mahakama, haina nywila, haina malipo. Kesi za jimbo zimo humo, pamoja na tarehe na matokeo, na usidhani yako haimo. Karani yeyote wa programu, akiwa na dakika mbili na kikombe cha chai, anaweza kufanya hivyohivyo.

Ngoja nikusimulie mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu, bila kutaja hospitali wala watu.

Ilikuwa Februari, kikao cha kupanga orodha. Chumba kidogo, madirisha yana ukungu wa baridi, faili kwenye skrini. Likafika jina la mwombaji aliyewahi kukamatwa akiendesha gari amelewa miaka minne nyuma. Alikuwa ameandika sentensi nne. Mkurugenzi wa programu akazisoma kwa sauti, akauliza, "Kuna mwenye swali?" Mmoja wetu akauliza kama kuna kosa jingine baada ya hapo. Hakuna. Tukaendelea na barua za waliompendekeza, tukabishana robo saa nzima kuhusu barua mojawapo iliyokuwa baridi. Kosa lake lilichukua dakika moja na nusu.

La pili lilitokea Mei, wiki saba baada ya matokeo ya Match. Mtu alikuwa ameshamechi kwetu, ameshatafuta nyumba ya kupanga. Ripoti ya ukaguzi wa rekodi ikarudi na kosa dogo la wizi wa dukani, la enzi za chuo, nguo ya dola thelathini na kitu. Kwenye MyERAS alijibu hapana. Kwenye fomu ya hospitali alijibu hapana. Kwenye fomu ya leseni ya mafunzo ya jimbo, ambako walitaka alama za vidole, alijibu ndiyo. Karani alizipanga zile karatasi tatu mezani kwa mkurugenzi, moja pembeni ya nyingine. Sitasahau ukimya ule. Hakuna aliyeizungumzia ile nguo. Walichozungumza ni kwamba mtu mmoja, kwa swali moja, katika miezi minane, ametoa majibu mawili. Nafasi aliikosa. Nilimwonea huruma kwa dhati, kwa sababu nilijua kwamba angeandika sentensi nne Septemba, angekuwa nasi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ni daktari, methali hiyo unaijua kwa maana zote mbili.

Turudi kwenye njia. Matokeo ya Match hutoka Ijumaa ya tatu ya Machi. Yanamfunga mwombaji na yanaifunga programu. Programu haiwezi kukuacha kwa sababu imeona kitu isichokipenda. Inabidi iombe ruhusa NRMP, wanaoendesha Match. Na kanuni zao zinaidai programu ikuarifu mapema, kabla ya mwisho wa kupanga orodha, masharti yake ya ajira, kama ukaguzi wa rekodi na vipimo vya dawa za kulevya. Karatasi hiyo huja kwa barua pepe wakati wa usaili na waombaji wengi huifuta bila kuifungua. Ifungue. Inakueleza kitenzi kile watakachokuuliza Aprili: wengine huandika "kutiwa hatiani", wengine "kushtakiwa", wengine wanataja kabisa kukiri kosa hata kama hukumu iliwekwa kando. Kanuni hizohizo zinakudai wewe nawe utoe habari kamili na za kweli. Anayekutwa amedanganya anaweza kufungiwa Match kwa mwaka mmoja au zaidi. Na kwa sisi tuliosomea nje, uongo kwenye maombi unaweza pia kufika ECFMG na ukaandikwa kwenye rekodi yako huko, mahali ambapo kila programu utakayoiomba baadaye itauona.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu, na ni maoni yangu, wapo wenzangu watakaokuambia vingine. Kwenye MyERAS jibu swali lililoulizwa, si lile unaloliogopa. Ukiitwa kwenye usaili, na ukishaona kwamba programu hiyo unaitaka kweli, mwandikie mkurugenzi barua fupi baada ya usaili na kabla ya orodha kufungwa, umwambie mwenyewe. Ipo hatari, sikufichi. Pengine programu moja itakushusha kwenye orodha. Lakini programu itakayokupanga ikiwa inajua haitashtuka Mei, na hapo usingizi unarudi. Wapo wanaopenda kueleza tangu Septemba. Nao hawakosei, hasa kama kosa lao ni la kutiwa hatiani waziwazi. Hao hawana la kuchagua, swali limewauliza, wajibu ndiyo.

Baada ya Machi anakuja msomaji mkali kuliko wote, bodi ya madaktari ya jimbo. Majimbo mengi humtaka daktari wa residensi awe na kibali chake: Texas wana kibali cha daktari aliye mafunzoni, Massachusetts wana leseni yenye mipaka, Pennsylvania wana leseni ya mafunzo. Fomu za bodi ndizo zenye vitenzi vipana. Mara nyingi zinauliza kukamatwa, kushtakiwa, kukiri, uangalizi wa aina yoyote, na nyingine zinataka hata yale yaliyofutwa kwenye rekodi. Kufutiwa rekodi, ambako watu wengi wetu hulipia wakili wakidhani yameisha, hakumzuii mtu wa bodi kukuuliza, na mara nyingine hakukupi haki ya kusema hapana. Kila fomu isome upya. Kwa kosa moja lisilo na majeruhi, bodi kwa kawaida inataka hati za mahakama, maelezo yako, na muda. Muda huo ndio unaoumiza: kibali kinaweza kuchelewa wiki kadhaa, na kazi inaanza Julai. Ndiyo maana nasema hati zako ziwe mkononi tangu sasa.

Hospitali za mafunzo nyingi hupeleka madaktari wao pia kwenye hospitali za VA, za maveterani. Huko ni serikali kuu, alama za vidole zinaenda FBI. FBI hawajali kwamba Maryland haikuita hukumu. Wanaona kukamatwa na wanaona kilichofuata, kama mahakama ilikumbuka kuwapelekea. Mara nyingine haikukumbuka, na rekodi inaonyesha umekamatwa, halafu kimya, kana kwamba kesi bado iko hewani. Unaweza kuomba rekodi yako mwenyewe FBI kwa dola 18. Iombe. Uione kabla hawajaiona.

Hapa niweke jambo linalotugusa sisi kwa majina yetu. Tanzania tunatumia majina matatu, la mwisho la babu, na Marekani mtu anaweza kuwa ameandikwa kwa njia tatu: kwenye pasipoti hivi, kwenye leseni ya udereva vile, kwenye cheti cha chuo vingine. Kampuni za ukaguzi wa rekodi hutafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Kina Mohamed Ali na kina Fatuma Juma wako wengi, na nimeona ripoti ikimbebesha mtu kosa la mtu mwingine kabisa. Likikupata, sheria ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti hizo inamtaka mwajiri akupe nakala ya ripoti kabla ya kukukatalia kwa sababu yake, na inakupa haki ya kuipinga. Usikubali kujibu kwa mdomo tu kwenye simu. Dai nakala.

Sasa uhamiaji, kwa sababu hapa ndipo jibu lile la "inategemea" linapogeuka. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina maana yake yenyewe ya kutiwa hatiani. Ukikiri kosa, na hakimu akakuwekea adhabu au kizuizi chochote kwenye uhuru wako, uhamiaji wanahesabu umetiwa hatiani, hata kama jimbo limeiweka hukumu kando. Wewe ulikiri, ukalipa faini, ukawa chini ya uangalizi. Maryland wanasema hapana, uhamiaji wanasema ndiyo, karatasi ni hiyohiyo moja. Habari njema ni kwamba kuendesha gari umekunywa, bila majeruhi na bila jambo jingine juu yake, kwa kawaida peke yake hakumwondolei mtu grinikadi. Lakini ukija kuomba uraia, fomu inauliza kukamatwa kwa namna yoyote. Na ombi haliidhinishwi mtu akiwa bado chini ya uangalizi. Makosa mawili ya ulevi barabarani ndani ya miaka inayoangaliwa yanakufanya udhaniwe huna tabia njema, mpaka uthibitishe vinginevyo. Tafuta wakili wa uhamiaji, tofauti na yule wa trafiki, kabla ya kujaza chochote. Tangu mwaka 2010, katika kesi ya Padilla na jimbo la Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili wa jinai anapaswa kumweleza mteja asiye raia madhara ya uhamiaji kabla hajakiri kosa. Kama wako hakukueleza hata neno moja, mwambie huyo wa uhamiaji.

Kwa wale watakaosoma jibu hili wakiwa Dar, Mombasa au Goma na wanatarajia viza ya J-1, ile ya kuja kwa mafunzo: fomu ya viza ya DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama ulisamehewa. Haisemi Marekani tu. Yule wa kituo cha Magomeni, zamu yake ndiyo hii. Na mwenye viza aliyekamatwa kwa kuendesha amelewa ndani ya miaka mitano anaweza kufutiwa viza na ubalozi hata kabla ya hukumu, kisha apelekwe kwa daktari wa ubalozi kupimwa kabla ya kupewa nyingine. Anayejua hili asisafiri kwenda kuzika nyumbani katikati ya mwaka wa masomo bila kuzungumza na wakili kwanza. Ni uchungu kuliandika, lakini nimeona mtu akikwama nje miezi mitatu.

Nilisema nitarudi kwenye pombe. Mdogo wangu, swali hili jiulize wewe kabla hatujakuuliza sisi, na ujibu kama unavyotaka mgonjwa akujibu. Kama ilikuwa ile siku moja, nenda kwa daktari au mshauri mwenye utaalamu wa ulevi, afanye tathmini kamili, aiandike. Ripoti ya mtaalamu iliyofanywa kwa hiari yako, kabla hujalazimishwa, ina uzito ambao sentensi zako peke yake hazina. Kama ilikuwa zaidi ya siku moja, yaani kama kuna usiku mwingine ambao polisi hawakuwepo, basi hapo panahitaji tiba, na residensi ingoje. Karibu kila jimbo lina mpango wa afya ya madaktari unaowasaidia wenzetu wenye tatizo la pombe au dawa waendelee kufanya kazi kwa usalama. Bodi inaweza kukuelekeza huko hata kwa kosa moja. Ukielekezwa, nenda, lakini soma mkataba wao na wakili kabla ya kusaini, kwa sababu ufuatiliaji unaweza kuwa wa miaka.

Kuhusu maneno ya kuandika. Nimesoma maelezo mengi ya waombaji na naweza kukuambia lini kamati inafunga uso: pale mtu anapoanza na "kutokana na mazingira yaliyokuwa nje ya uwezo wangu", halafu anaeleza harusi za kwetu zilivyo, mjomba aliyemlazimisha glasi, polisi aliyekuwa na chuki. Pengine yote ni kweli. Usiyaandike. Kwa Kiingereza chako, sema kama hivi:

"Juni 2023, jimboni Maryland, nilisimamishwa nikiendesha gari baada ya kunywa pombe, kipimo kilisoma 0.09. Hakuna aliyeumia wala mali iliyoharibika. Nilikiri kosa, mahakama ilinipa PBJ na uangalizi wa miezi 12, ambao niliumaliza bila dosari pamoja na masomo ya pombe. Uamuzi wa kushika usukani ulikuwa wangu, na tangu siku hiyo siendeshi gari nikiwa nimeonja pombe hata kidogo."

Tarehe, tukio, matokeo, na wewe umesimama wapi. Kama sentensi ya mwisho si kweli, iandike nyingine iliyo kweli. Usiiweke habari hii kwenye insha yako binafsi. Insha hiyo ni ya kueleza kwa nini unataka magonjwa ya ndani, na ukiileta pale utakuwa umelifanya kosa kuwa kitambulisho chako. Kwenye usaili, ukiulizwa, sema hayohayo kwa maneno yaleyale, nusu dakika, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Watu wetu tukiona aibu tunaongeza maneno, na kila neno la ziada linafungua swali jipya. Fanya mazoezi mbele ya mume wako hadi sauti isitetemeke.

Mwisho, la wiki hii. Nenda kwa karani wa mahakama ya wilaya iliyokusikiliza, uombe nakala ya matokeo ya kesi iliyothibitishwa kwa mhuri. Chukua tatu, kwa sababu bodi moja itabaki nayo. Uombe pia barua inayoonyesha uangalizi umekwisha. Cheti cha masomo ya saa 12 kama umekipoteza, warudie waliokufundisha wakutolee kingine. Andika wakili wa uhamiaji kwenye orodha, weka miadi. Ukishapata ile hati yenye mhuri, angalia kisanduku cha matokeo kimeandikwa nini, herufi kwa herufi, uniandikie. Kuna PBJ ya kosa ulilokamatiwa na kuna PBJ ya kosa lililopunguzwa, na hutajua unapaswa kumwambia nini mkurugenzi wa programu mpaka tujue ni ipi kati ya hizo mbili.